Nguvu Inayotikisa Maji

Mawimbi ya Ziwa Elementaita hapa kwetu hupendeza macho, lakini kwa somo la Fizikia yana taabu yake: upepo hauna ratiba. Leo utayapata, kesho maji yametulia tuli. Ndiyo maana sisi wa chama cha sayansi tunataka kuunda hori la mawimbi, yaani sanduku refu lenye maji, na ndani yake ubao unaosukumwa mbele na nyuma na mota.

Mota tunayoweza kumudu ni ya waipa ya gari kuukuu, kutoka kwa fundi wa jua kali. Tena ni moja tu! Ikiungua, mradi umekwisha. Kwa hivyo lazima tukisie nguvu kabla ya kupiga msumari hata mmoja.

Nguvu ya kwanza ni ya maji yaliyotulia. Tuseme hori lina upana wa sentimita 30 na maji yana kina cha sentimita 20. Msukumo wa maji huongezeka kadiri unavyoshuka: juu ni sufuri, chini kabisa ni nyutoni 2,000 kwa kila mita mraba. Wastani ni 1,000. Ubao una eneo la mita mraba 0.06, basi husukumwa kwa nyutoni 60, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 6. Dawa yake ni rahisi: tuache maji pande zote mbili za ubao. Misukumo hiyo itapingana na kufutana.

Nguvu ya pili haifutiki. Ubao ukisogea, maji ya karibu husogea nao. Tukisie kwamba kila upande kuna bonge la maji lenye urefu sawa na kina chake, sentimita 20. Hizo ni lita 12, yaani kilo 12. Pande mbili ni kilo 24. Ubao ukienda sentimita 2 mbele na 2 nyuma ya katikati, mara moja kwa sekunde, mchapuko wake mkubwa kabisa ni kama 0.8. Zidisha kwa 24, utapata karibu nyutoni 20. Hapo mota haitalia.

Sasa tazama ajabu. Tukitaka ubao uende na kurudi mara mbili kwa sekunde, nguvu haiwi mara mbili bali mara nne: nyutoni 80! Kumbe wahenga waliposema haraka haraka haina baraka, hata mota iliwahusu.

Haya ni makisio tu. Msuguano na uzito wa ubao wenyewe bado. Kwa hivyo tutaanza polepole, na fremu tutaijenga iweze kustahimili nyutoni 40, mara mbili ya hesabu yetu. Wenzangu, kalamu na karatasi ni rahisi kuliko mota. Tuanze na hizo.