Yanonge: kati ya Kiswahili, Lingala na gogo linalosema

Ramani za lugha za Kongo huonyesha Kiswahili upande wa mashariki na Lingala upande wa magharibi, na mpaka wake hupita karibu na Kisangani. Hapa ninaeleza sababu ya mpaka huo, nikitumia mfano wa Yanonge, makazi ya Walokele kwenye ukingo wa kushoto wa mto Kongo, kama kilomita 60 chini ya Kisangani, katika teritwari ya Isangi.

Sababu ya kwanza ni mto wenyewe. Kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, ambayo meli haziwezi kupita. Kutoka Kisangani kushuka hadi Kinshasa, njia ni wazi kwa zaidi ya kilomita 1,700. Kiswahili kilifika kutoka Maniema pamoja na misafara ya pembe. Lingala ilipanda mto kwa meli na askari wa Dola Huru ya Kongo.

Sababu ya pili ni historia. Watu wa Tippu Tip walivuka maporomoko na kushuka mto wakitafuta pembe na mateka. Mwaka 1883 Stanley alikuta vijiji vya ukingoni vimechomwa. Mwaka 1887 Léopold II alimfanya Tippu Tip liwali wa Stanley Falls, lakini vita vya 1892 hadi 1894 vilimaliza nguvu za wafanyabiashara hao. Tumezoea kuwaita Waarabu, ingawa wengi walikuwa wangwana, Waafrika waliosilimu. Wenyeji waliwaita Batambatamba. Alama yao imebaki hata katika jina la wavuvi wa maporomoko: wao hujiita Enya, sisi twasema Wagenia, kwa kiambishi cha Kiswahili.

Lakini mpaka huo wa lugha mbili kubwa unaficha lugha ya tatu. Kilokele ni lugha ya toni, na ndiyo maana gogo lililochimbwa, lenye sauti ya juu na ya chini, linaweza kukisema. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1949. Neno la mwezi, *songe*, na la kuku, *koko*, yote yana toni mbili za juu. Ili msikilizaji asichanganye, mpigaji huongeza maneno: mwezi unaotazama dunia, kuku mdogo anayelia kiokio.

Kiswahili kimepoteza toni, kwa hiyo hakiwezi kurithi kazi hiyo. Mtoto wa Yanonge akikua na Kiswahili na Lingala peke yake, atasikia gogo bila kulielewa. Ninaona kwamba kazi zetu za kuhitimu zingefaa kuanzia hapo: kurekodi misemo ya gogo pamoja na wazee wanaoijua, na kuiandika na toni zake zote. Bila alama za toni, kinachobaki kwenye karatasi si lugha ya gogo tena.