Nani Anamlipia Nauli Anayetunga Kanuni za Intaneti?

Katika vikao vya IETF, jumuiya ya wahandisi inayoandika kanuni za kiufundi za intaneti, hakuna kupiga kura. Mwenyekiti wa kikundi akitaka kujua watu wameelemea wapi, huwaomba wanaokubali wagune, kisha wasiokubali nao wagune, naye husikiliza upande upi umevuma zaidi. Mguno hauamui jambo. Hupima tu kama chumba kimekaribia kuafikiana, na hoja moja nzito ya mhandisi mmoja inaweza kuurudisha mjadala nyuma hata kama wengi wameshachoka. Hakuna uanachama wala kiti cha nchi. Yeyote anaweza kujiandikisha, akapanga foleni kwenye maikrofoni, akataja jina lake na kusema. Kwa utaratibu wao kila mmoja husema kwa nafsi yake, si kwa niaba ya mwajiri wala serikali.

Ni utaratibu ninaouheshimu kwa dhati. Vyombo vichache duniani vinavyogusa maisha ya watu wengi kiasi hiki vimeacha mlango wazi namna hii. Ila mlango ukiwa wazi, bado mtu anatakiwa kuufikia.

Kikao cha kwanza kilifanyika San Diego, Januari 1986. Walikuwapo watu 21, watafiti waliokuwa wakilipwa kwa fedha za serikali ya Marekani, na suala la nauli halikuwa suala. Siku hizi vikao ni vitatu kwa mwaka, kila kimoja wiki nzima, na huhudhuriwa na watu wapatao elfu moja. Ada ya kuingia ukumbini peke yake hupita dola 700, yaani zaidi ya shilingi milioni 1.7 za Tanzania. Ongeza tiketi ya ndege, hoteli ya wiki nzima na viza, ambayo kwa mtu wa kwetu hulipiwa hata ikikataliwa. Zidisha mara tatu.

Wanaohudhuria huitwa watu wa kujitolea kwa sababu IETF haiwalipi. Hiyo haina maana kwamba hakuna anayewalipa. Wengi wao ni waajiriwa wa kampuni kama Cisco, Google, Huawei na Ericsson, na kampuni hizo hugharimia safari na, lililo kubwa zaidi, muda wao. Silioni hilo kuwa dhambi. Bila wao kazi isingefanyika. Fedha za kuendesha IETF yenyewe hutoka kwenye ada, kwa wadhamini na kwa shirika la Internet Society, ambalo nalo mapato yake mengi hutokana na majina ya tovuti yanayoishia na .org. Kwa hiyo shirika dogo la Dodoma au Kigoma linapolipia jina lake la .org kila mwaka, sehemu ya fedha hizo huchangia kuendesha vikao ambavyo hakuna mtu wa shirika hilo aliyewahi kuvihudhuria.

Kutokuwapo kuna hasara, na hasara hiyo imewahi kuwafika hata matajiri. Wahandisi walipokuwa wakitunga TLS 1.3, kanuni inayolinda mawasiliano kati ya simu yako na tovuti ya benki, walikubaliana mapema kuondoa njia ya zamani ya kubadilishana funguo za siri. Septemba 2016, kazi ikiwa imefika mbali, taasisi za fedha za Marekani zikaandika kuomba njia hiyo ibaki, kwani zilikuwa zikiitegemea kukagua mawasiliano ndani ya mitandao yao. Kikundi kilikataa. Naamini kilikataa kwa haki, maana usalama wa watumiaji uliongezeka. Lakini hebu tazama: benki za Marekani, zenye fedha za kupeleka mtu popote, zilikuta maamuzi yameshapita kwa sababu hazikuwa na mtu wa kufuatilia.

Kanuni hiyohiyo, iliyotangazwa Agosti 2018, ilipunguza pia kupeana salamu kwa simu na seva kabla ya data kuanza kupita, kutoka safari mbili za kwenda na kurudi hadi moja. Aliyeko Amsterdam, jirani na seva, hakuhisi sana. Aliyeko Mwanza, ambaye salamu zake huvuka bahari kwenda Ulaya na kurudi, amepunguziwa kusubiri kila anapofungua ukurasa. Safari hii tulinufaika bila kuomba. Kwenye kanuni nyingine anayejua adha ya mtandao wa Mwanza lazima awepo aiseme, vinginevyo haitasemwa.

Pia kuna suala la nani huchagua viongozi. Viongozi wa IETF huteuliwa na kamati yenye wajumbe 10 wa kupiga kura, wanaopatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa waliojitolea. Kwa miaka mingi, ili jina lako liingie kwenye bahati nasibu hiyo, ilikubidi uwe umehudhuria ana kwa ana vikao vitatu kati ya vitano vya mwisho. Asiye na nauli hakuwa na haki hiyo. Ugonjwa wa korona ulilazimisha mambo kubadilika: kikao cha Vancouver cha Machi 2020 kilihamia mtandaoni, na mwaka 2023 sheria ilirekebishwa rasmi ili kuhudhuria kwa mtandao nako kuhesabike. Asiye na uwezo anaweza kuomba kusamehewa ada ya mtandaoni.

Ni hatua kubwa. Hata hivyo IETF ilipokutana San Francisco, Julai 2023, saa tatu asubuhi yao ilikuwa saa moja jioni kwetu, na saa kumi na moja jioni yao ilikuwa saa tisa usiku. Fikiria mhandisi wa chuo aliyekesha siku tano mbele ya kompyuta, huku kila asubuhi akisubiriwa darasani. Mpaka mwaka 2025 unakwisha, IETF haikuwahi kukutana katika bara la Afrika.

Dawa iliyozoeleka ni ufadhili wa safari. Kuanzia mwaka 2006 Internet Society iliwapeleka wahandisi wa nchi zinazoendelea kwenye vikao hivi, ikiwalipia na kumpa kila mmoja mwenyeji mzoefu. Dawa hiyohiyo ilijaribiwa kwenye viwango vya chakula: FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, walianzisha mfuko mwaka 2003 kuzisaidia nchi maskini kupeleka wajumbe Codex, chombo kinachoweka viwango kama vya sumukuvu. Uzito wa viwango hivyo tuliuona Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo na malori yakakwama mpakani. Mfuko huo ulipoingia awamu ya pili, mwaka 2016, ulielekea kwingine: badala ya kununua tiketi, ukazisaidia nchi kwa miaka kadhaa mfululizo kujenga kamati na wataalamu wao nyumbani.

Nadhani walipatia. Anayepelekwa mara moja hurudi na begi la mkutano na picha. Sauti hujengwa kwa kusoma rasimu, kujibu barua pepe na kurudi tena kikao kijacho, mpaka wenzako wakuzoee. Huku kwetu safari ya nje imeshanuka posho, na Rais Magufuli alipozizuia safari za watumishi mwaka 2015 wananchi wengi walimshangilia. Niliwaelewa. Lakini tusipotofautisha anayefuata posho na anayebeba rasimu ya kurasa 100, tutawazuia wote wawili.

Fedha zipo karibu. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, Kenya na Uganda zina mifuko ya namna hiyo, na kampuni za simu huichangia ili minara ifike vijijini. Huenda sheria zikahitaji kurekebishwa, lakini sehemu ndogo sana ya fedha hizo ingetosha kuwalipa wahandisi watano siku moja kwa wiki kwa miaka mitatu, watu walewale, kikao baada ya kikao, na nauli juu yake. Sharti liwe moja: kila wanachokisema na kukisikia huko wakichapishe wazi kwa Kiswahili ndani ya mwezi mmoja, ili mwanafunzi wa chuo cha ufundi Arusha au Mombasa aweze kuuliza swali kabla rasimu haijafungwa.