Kaa wa uzi na manyoya: kazi inayolisha familia Kenya, na swali kwa Nyangwe

Ana macho mawili ya risasi, makucha mawili ya manyoya ya jogoo na miguu ya mpira. Mwili wake ni uzi wa sufu uliokatwa kwa mkasi. Kaa huyu hajaishi majini hata siku moja, lakini samaki wa baharini mwenye macho makali humfuata na kumkamata mchangani. Akija kugundua kwamba amedanganywa, ndoana imekwisha kumshika.

Chambo hiki cha bandia hufungwa kwa mkono, kimoja kimoja. Watalii wenye pesa hukitumia katika bahari za maji ya joto, kwa mfano visiwa vya Shelisheli, kutafuta samaki anayeitwa permit, jamaa ya kolekole, au kikande mwenye meno magumu.

Huko Kenya, kufunga vyambo vya namna hii ni kazi ya kila siku. Walowezi wa Kizungu walipeleka samaki wa trauti katika mito ya baridi ya milima ya nchi hiyo mwaka 1905, na uvuvi wa vyambo vya manyoya ukafuata. Wakenya walijifunza kuvifunga, na leo karakana zao zinavituma Ulaya na Marekani. Kampuni ya Kiingereza Fulling Mill ina kiwanda chake huko. Wengi wa mafundi ni wanawake, na si lazima fundi awe mvuvi.

Kwa nini tunaileta habari hii Nyangwe, mbali na bahari yoyote?

Kwa sababu Nyangwe, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Lualaba katika eneo la Kasongo, ni mji uliojulikana kwa samaki na soko. David Livingstone alipofika hapa mwaka 1871, aliona wanawake wengi wakivuka mto kwa mitumbwi kuleta samaki, vyungu na vyakula. Wagenya, watu wa mto, ndio waliojua mitumbwi na maji. Tarehe 15 Julai mwaka huo, watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliwafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wakizama walipojaribu kuogelea. Dunia inaikumbuka Nyangwe kwa siku hiyo. Lakini soko lile linatuambia jambo jingine pia: ujuzi wa mto hapa ni wa zamani sana, na tangu zamani uliwalisha watu.

Ujuzi wa namna hiyo ndio msingi wa kaa wa bandia.

Fundi huanza kwa kuibana ndoana kwenye jiliwa, ile eto ndogo ya mezani. Anafunga macho ya risasi karibu na tundu la ndoana, uzi ukipita kwa umbo la nane ili yasizunguke. Nyuma anaweka ncha za manyoya, moja kila upande, ziwe makucha. Kisha anafunga vipande vifupi vya sufu kwa kukingama, kimoja baada ya kingine, na katikati yake miguu ya mpira yenye mafundo mfano wa viungo. Mwisho anachukua mkasi na kukata sufu mpaka ibaki duara bapa kama gamba la kaa.

Uzito wa macho ndio siri ya kazi. Kaa anapoogopa, hukimbia kwa upande na kushuka haraka chini ili ajifukie mchangani. Basi chambo nacho lazima kizame kwa mshazari, upesi, tena ncha ya ndoana ikitazama juu isije ikanasa kwenye mawe. Mmarekani Del Brown, aliyebuni kaa wa sufu anayejulikana zaidi, alikamata permit zaidi ya 500 katika maisha yake. Kaa wake hafanani sana na kaa ukimtazama mezani. Wapo mafundi wanaotengeneza kaa wa gundi ngumu, mzuri kama picha, lakini mara nyingi huyo huanguka majini kwa kishindo au huzunguka akizama, na samaki hukimbia. Samaki hudanganywa zaidi na mwendo kuliko sura.

Kaa wa baharini hana kazi katika Lualaba. Lakini mto huu una mbenga, samaki mwenye meno 32 marefu, anayeweza kufikia kilo 50. Mbenga huwinda samaki wengine. Wavuvi wa mchezo kutoka Ulaya, Marekani na Afrika Kusini hulipa pesa nyingi kuja kumtafuta katika mito ya Kongo, wakiwa na vyambo vya bandia walivyonunua kwao. Chambo cha mbenga ni mfano wa samaki mdogo aliyeumia: manyoya marefu, nyuzi zinazong'aa, ndoana ngumu na waya usiokatika. Mtu wa kwanza wa kuulizwa jinsi samaki mdogo aliyeumia anavyokwenda ni mvuvi wa mto huu.

Jambo hili lina uzito kwa vijana. Wengi wa kusini mwa Maniema huacha nyumbani wakaenda kuchimba dhahabu Salamabila, Kabambare, ambako shimo linaweza kuporomoka na silaha haziko mbali. Na katika mito mingi ya nchi yetu, wanaobaki kuvua hutumia hata chandarua cha mbu, kinachozoa watoto wa samaki kabla hawajazaa. Wakiisha hao, hata chambo kizuri namna gani hakitakuwa na wa kumdanganya.

Tusijidanganye na sisi. Dukani Marekani, kaa mmoja wa namna hii huuzwa kwa kawaida kati ya dola 5 na 10, na fundi wa Kenya hupata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Tena Kenya ina barabara, uwanja wa ndege wa mizigo, umeme na wanunuzi waliozoeana nao miaka mingi. Kutoka Kasongo, mzigo mdogo tu hupata taabu kufika Kindu wakati wa mvua. Ndoana nzuri na macho ya risasi vingepaswa kutoka nje.

Lakini jogoo wapo, uzi upo, na mikono ipo. Shule ya ufundi inaweza kuanza kwa eto moja, mkasi na ndoana chache, mwalimu akiwa mvuvi mzee, na vyambo vya kwanza vikajaribiwa hapa hapa mtoni. Chambo kinachokamata samaki mmoja mkubwa na kuacha wadogo wakue kina faida hata kabla ya kuuzwa nje. Serikali ya jimbo ikitengeneza barabara, ndipo Nyangwe itaweza kuuza kitu kingine zaidi ya samaki wenyewe: kile inachokijua juu yao.