Shajara: Daftari ya Kujichunguza Nafsi

Ni sehemu chache za Afrika ambazo maisha ya wakazi wake yameandikwa kwa uangalifu kama yalivyoandikwa katika Bonde la Kilombero. Mwaka 1996 watafiti wa kituo cha Ifakara, ambacho leo huitwa Taasisi ya Afya Ifakara, walianza kuzitembelea kaya za vijiji kadhaa vya Kilombero na Ulanga kila baada ya miezi minne, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Kumbukumbu hizo zimeufaa sana utafiti wa malaria. Lakini humtazama mtu kutoka nje. Zaweza kutujulisha kwamba msichana fulani amehama kwa mama yake na kwenda kukaa kwa shangazi. Haziwezi kutujulisha usiku ule wa kwanza aliwaza nini. Daftari iwezayo kueleza hilo ni ile aiandikayo mwenyewe, kwa ajili yake mwenyewe, nayo ndiyo tuiitayo shajara.

Wanafunzi wa bonde hili hawakosi la kuandika. Katika msimu wa mpunga wazazi wengi huhamia mashambani, mbali na nyumbani, wakakaa vibandani kwa majuma mengi wakiulinda mpunga na ndege na nguruwe mwitu. Mara nyingi watoto wanaosoma hubaki, wakapika, wakawalea wadogo zao, na kuamua mambo makubwa kuliko umri wao. Mwalimu akiwauliza hali, hujibu kwamba hawajambo, kama adabu itakavyo.

Je, kuandika kwamfaa nini mtu kama huyo? Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi 46 wa chuo. Kila mmoja aliandika kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Baadhi yao waliandika juu ya mambo yasiyo na uzito. Wengine juu ya mambo yaliyowaumiza sana maishani. Walioeleza tukio pamoja na hisia zao walikuwa na huzuni zaidi mara tu baada ya kuandika. Walakini, katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao.

Jaribio moja halitoshi kuthibitisha jambo. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya matokeo ya majaribio 146 ya namna hii, akaona kwamba faida ipo, lakini kwa wastani ni ndogo. Kwa hiyo yeyote aisifuye shajara kama dawa ya kila ugonjwa wa moyo na asisadikiwe.

Jambo lenye kusisimua zaidi, kwa maoni yangu, ni swali la nani hunufaika. Pennebaker na wenzake walipoyahesabu maneno ya waandishi, waliona kwamba kumwaga uchungu peke yake hakutoshi. Walionufaika ni wale ambao, siku hata siku, walizidi kutumia maneno ya kutafuta sababu na ya kutambua, kama vile “kwa sababu” na “sasa naelewa”. Tena, mwaka 2003 Sherlock Campbell na Pennebaker walionyesha kwamba waliobadilisha matumizi ya viwakilishi vya nafsi kutoka siku moja hadi nyingine ndio waliopata afya zaidi. Yaelekea mtu huyo huwa ameliangalia jambo lake kutoka pande mbalimbali.

Hapa Kiswahili chatusaidia, kwani nafsi imo ndani ya kitenzi chenyewe. Mwanafunzi aweza kupiga mstari chini ya kila “ni-” katika ukurasa wake: niliachwa, nililia, nilikasirika. Kisha aiandike siku ileile kama hadithi, msimulizi akiwa mama yake kibandani: moshi wa kuni, kelele za ndege alfajiri, hesabu ya unga aliouacha nyumbani. Aliyekuwa ameandika “mama aliniacha” huenda akagundua kwamba kile alichokiita hasira kilikuwa woga. Hapo utunzi wa hadithi hufanya kazi ambayo shajara peke yake haiwezi.

Katika fasihi yetu mfano ulio karibu ni Shaaban Robert (1909–1962), ambaye katika *Maisha Yangu* aliandika juu ya kifo cha mkewe Amina kwa nathari na kwa shairi pia. Msiba ni mmoja, lakini kila umbo la maandishi humdai mwandishi fikra nyingine.

Hatuna budi kumwonya mwalimu. Shajara ikisahihishwa kwa wino mwekundu hugeuka kuwa insha, na mwanafunzi ataandika yale anayodhani mwalimu anayataka. Basi isikusanywe wala isipewe alama. Atakaye kuandika kwa Kindamba, Kipogoro au Kisukuma na aachwe, na atakaye kuchana karatasi yake baada ya kuandika aichane. Kazi imekwisha kufanyika. Kwa mwanafunzi ambaye huzuni yake inazidi kila aandikapo, au ambaye ameteswa na mtu, daftari haitoshi. Huyo aache kuandika, amwendee mtu mzima anayemwamini, naye mtu huyo aende pamoja naye hospitali au kwa ofisa wa ustawi wa jamii.