Mgeni na Duka Lake (2): Upatu, Miami na Sheria za Uholanzi

Juma lililopita tuliwaacha wasomi wa Kijerumani wa mwanzoni mwa karne ya 20, akina Simmel na Sombart, waliomtazama mgeni kama mfanyabiashara hasa. Aliyeufufua mjadala huo Marekani ni mwanasosholojia Ivan Light, kwa kitabu chake cha 1972. Aliuliza: Wachina na Wajapani wa Marekani walibaguliwa na benki sawa na Wamarekani weusi, mbona wao walifungua maduka mengi zaidi?

Jibu lake msomaji wa huku hahitaji kufafanuliwa: upatu. Wachina waliuita hui, Wajapani tanomoshi. Afrika Magharibi kulikuwa na esusu, na weusi waliohamia New York kutoka visiwa vya Karibi walikuwa bado wanaucheza. Kwa Wamarekani weusi, alisema Light, utumwa ulikuwa umeukata mnyororo wa desturi hiyo. Hoja nzuri, ingawa upatu hueleza duka lilifunguliwaje, si kwa nini nafasi ya kulifungua ilikuwapo.

Mwaka huohuo wa 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Mwaka 1973 mwanasosholojia Edna Bonacich alichapisha nadharia yake ya jamii za wafanyabiashara wa kati, yaani wageni wanaosimama kati ya mzalishaji na mnunuzi, Wahindi wa Afrika Mashariki wakiwamo. Anayetarajia kurudi kwao, alisema, hubana matumizi na hupendelea mali anayoweza kuigeuza fedha upesi. Wenyeji nao humwona mtu asiye na mizizi.

Kisha mjadala ukahamia Miami, kwenye swali la nani hufaidika na duka la mgeni. Mwaka 1980 Kenneth Wilson na Alejandro Portes walidai kwamba Wakuba walioajiriwa na Wakuba wenzao walilipwa kulingana na elimu na ujuzi wao. Mwaka 1987 Jimy Sanders na Victor Nee wakapinga: faida ni ya mwenye duka, si ya mfanyakazi wake. Mimi nawaamini hawa wawili. Ukiajiriwa na ndugu, kudai nyongeza ya mshahara huonekana utovu wa adabu.

Mwaka 1999 Robert Kloosterman, Joanne van der Leun na Jan Rath, wakichunguza Uholanzi, waligeuza mjadala. Pamoja na mitandao ya mgeni, walisema, tazama pia soko na sheria za nchi aliyofikia. Ujerumani, kwa mfano, kwa kawaida saluni haifunguliwi bila fundi mwenye cheti cha juu cha ufundi. Kinyozi hodari kutoka ng'ambo anaweza kuwa na mtaji na wateja, akabaki kuajiriwa.

Juma lijalo tutakwenda Eastleigh, Nairobi, ambako vyumba vya kulala wageni vya Garissa Lodge viligeuzwa maduka.