MAANA YA CHAMA CHA USHIRIKA KISHERIA: MFANO WA NCHI ZA ASIA NA MKULIMA WA PAMBA WA MASWA

Mwaka 2018 Serikali ilielekeza kuwa pamba ya wakulima inunuliwe kupitia Vyama vya Ushirika vya Msingi vya Mazao, maarufu kwa jina la AMCOS. Tangu hapo wakulima wengi wa Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, wamepeleka pamba yao kwenye vituo vya vyama hivyo. Hata hivyo, kupima pamba kwenye mizani ya chama hakumfanyi mkulima kuwa mwanachama. Ni vyema basi watumishi na wananchi wakafahamu sheria inakitafsiri vipi chama cha ushirika, kwa kuwa haki ya kupiga kura na kuhoji hesabu hutokana na tafsiri hiyo.

Chimbuko la tafsiri iliyofika Tanganyika ni India. Sheria ya India ya mwaka 1912 iliruhusu kuandikishwa kwa chama chenye lengo la kukuza maslahi ya kiuchumi ya wanachama wake kwa kufuata misingi ya ushirika. Waanzilishi walipaswa kuwa watu wasiopungua 10, wenye umri unaozidi miaka 18. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1932 ilifuata mfano huo. Baadaye wakulima wa pamba wa Usukuma, wa Maswa wakiwemo, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi wasiyoiamini, waliunda vyama vyao. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa katika Shirikisho la Victoria, ambalo kiongozi wake mashuhuri alikuwa Paul Bomani.

Nchi nyingine za Asia zimetunga tafsiri zao kwa njia tofauti. Japani ina sheria mbalimbali kwa aina mbalimbali za ushirika: ya wakulima ni ya mwaka 1947, na ya walaji ni ya mwaka 1948. Sheria yake ya kuzuia ukiritimba huvipa vyama msamaha iwapo vimeundwa kwa hiari, mwanachama yuko huru kuingia na kutoka, kura za wanachama ni sawa na mgawanyo wa faida umewekewa mpaka. Korea ya Kusini, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2012, huruhusu watu 5 kuanzisha chama. Nchini China, sheria ya ushirika wa wakulima iliyoanza kutumika mwaka 2007 nayo hutaka wanachama wasiopungua 5, na angalau asilimia 80 wawe wakulima. Ufilipino hutaka watu 15.

Indonesia ni mfano wa uzito wa tafsiri. Sheria yake ya mwaka 1992 huueleza ushirika kuwa harakati ya uchumi wa wananchi yenye msingi wa udugu. Sheria mpya ya mwaka 2012 ilibadili maelezo hayo, na mwaka 2014 Mahakama ya Katiba iliifuta yote, ikarejesha ile ya 1992. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba tafsiri mpya ilitanguliza mtu mmoja mmoja na mtaji, ikaacha nyuma umoja wa wanachama.

Tanzania nayo ina funzo lake. Chini ya Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, kijiji kilichoandikishwa kilichukuliwa kuwa chama cha ushirika cha shughuli nyingi. Hivyo, mkazi wa kijiji alihesabiwa katika ushirika kwa sababu ya makazi yake, wala si kwa kuomba. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na ununuzi wa pamba ukawa chini ya Mamlaka ya Pamba. Vyama vilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Sheria ya mwaka 1991 ikatilia mkazo hiari ya mwanachama, na msingi huo ukaendelezwa katika sheria za mwaka 2003 na 2013.

Kwa ufupi, tafsiri hizi hutofautiana katika idadi ya waanzilishi na aina ya wanachama, lakini zinakaribiana na ile iliyokubaliwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995: jumuiya huru ya watu waliojiunga kwa hiari, wanaomiliki na kuendesha chombo chao kwa pamoja na kwa demokrasia.

Kwa hiyo, mkulima anayeuza pamba kupitia chama bila kuwa mwanachama hana kura pale mkutano mkuu unapochagua viongozi au kujadili makato na taarifa ya ukaguzi. Anayetaka sauti hiyo anapaswa kuomba uanachama, kulipa kiingilio na hisa kwa mujibu wa masharti ya chama, na kuhakikisha jina lake limeandikwa katika rejista. Viongozi na maafisa ushirika nao wanakumbushwa kuwaeleza wakulima tofauti hiyo kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa.