Weka wembe chini: Jinsi ya kubandua nembo ya yadi bila kuharibu rangi ya gari

Hongera kwanza. Umejinyima, umechukua mkopo wa Sacco, na hatimaye kale ka-Vitz kako kameegeshwa nje ya ploti. Leo umekazunguka mara ya kumi ukipiga picha za Instagram, ndipo unagundua kitu. Kwenye buti, chini kulia, kuna jina la yadi lililoandikwa kwa herufi za plastiki zinazong'aa. Kioo cha nyuma nacho kina stika yao yenye nambari ya simu. Hata fremu ya nambari ya usajili ina jina lao.

Tuseme ukweli, inaudhi. Aliyelipa ni wewe, lakini kila ukikwama kwenye foleni ya Thika Road unamtangazia mtu biashara na hakununulii hata lita moja ya petroli.

Una haki ya kuzitoa. Shida ni vile watu huzitoa. Nilishawahi kuona Demio nyeusi hapo Umoja ambayo mwenyewe alikuwa na haraka. Alilowesha kitambaa kwa thina, akasugua, akamalizia kwa kisu. Herufi zilitoka, sikatai, lakini rangi pia ilitoka. Pakabaki doa la kijivu ukubwa wa kisosi, na ukilitazama kwa jua ulikuwa unaona kila mstari wa kile kisu. Kupuliza upya mlango wa buti ni maelfu ya shilingi, na fundi asipopatia rangi ile ile, gari litaonekana limevaa kiraka.

Ujue unachokichezea ni chembamba. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia kwenye bati hadi juu, mara nyingi huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150. Hiyo ni karatasi moja ya fotokopi, au moja na nusu. Na lile tabaka la juu lisilo na rangi, linaloleta mng'ao na kuzuia jua, kwa kawaida halifiki hata nusu ya unene huo. Ukilikwangua, limekwenda. Polishi haiongezi rangi mahali palipokwanguliwa.

Kwa hivyo kabla ya kugusa herufi yoyote, jua kwanza kama hiyo rangi ni ya kiwandani. Magari mengi tunayonunua yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengine yamegongwa na kurembeshwa kabla ya kufika kwako. Fungua buti uangalie mipira ya pembeni: ukiona vumbi la rangi limeshika kwenye mpira, hapo pamepulizwa. Linganisha rangi ya buti na ya milango ukiwa nje mchana, si chini ya taa za yadi. Chukua kisumaku kidogo, kifunge kwa kitambaa laini, kiguse kwenye bati. Kikishika kwa nguvu kila mahali ila sehemu moja, huenda chini yake kuna puti (buti la plastiki halitashika popote, usishtuke). Rangi ya kupulizwa upya, hasa ile ya bei ya chini, hutoka haraka sana ikiguswa na kemikali. Na kama fundi alipuliza bila kutoa nembo, rangi imeungana na kingo za herufi. Ukivuta, inabanduka nayo. Ukiona dalili hizo, mpelekee fundi wa rangi. Hapo si pa kujaribia bahati.

Rangi ikiwa safi, kazi ni rahisi kuliko unavyodhani, ila inataka subira. Herufi hizo kwa kawaida hushikiliwa na gundi ya povu yenye kunata pande mbili. Gundi hiyo ikipata joto inalegea. Ikiwa baridi inang'ang'ania. Ndiyo maana kazi hii ukiifanya Nairobi asubuhi ya Julai utalia, na Mombasa saa saba mchana karibu jua likumalizie nusu yake.

Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni ya gari, uikaushe. Usiruke hatua hii hata kama unaona gari ni safi. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga ukiuburuta juu ya rangi unafanya kazi ya msasa.

Kisha pasha joto. Draya ya nywele inatosha kabisa, azima kwa dada yako. Ishike umbali wa kiganja kimoja, uisogeze huku na huku kwa dakika moja au mbili bila kuituliza mahali pamoja. Guso lako ndilo kipimo: bati likiwa moto kiasi kwamba mkono bado unavumilia, limetosha. Huna draya? Mwagia maji moto kidogo kidogo, lakini yasiwe yanachemka, na usiyamwage kwenye kioo kilicho baridi kwa sababu kinaweza kupasuka.

Sasa chukua uzi wa kusafishia meno au ule wa nailoni wa kuvulia samaki. Uzungushe kwenye vidole vya mikono yote miwili, uupitishe nyuma ya herufi, kisha uvute huku na huku kama mtu anayekata mbao kwa msumeno. Uzi unakata povu, haukwaruzi rangi. Ukihisi umegoma, pasha tena. Ukigoma tena mahali pale pale, simama. Baadhi ya nembo zina vijiti vidogo vilivyoingia kwenye matundu ya bati. Chungulia kwa ndani ya mlango wa buti kwanza, maana ukizing'oa hizo utabaki na matundu yanayoingiza maji, na kutu haitakuwa mbali.

Herufi zikishatoka utabaki na povu na gundi. Watu wengi huharibu hapa, kwa kuona kazi imeisha. Usikwangue! Pasha tena kidogo, halafu isugue kwa kidole gumba ikijikunja vipande vipande. Inachosha, weka muziki. Mabaki ya mwisho yatoe kwa WD-40 au mafuta taa kidogo kwenye kitambaa laini. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta, uone kama kitambaa kitachukua rangi. Kisha panguza, osha kwa sabuni, kausha. Thina, petroli na sponji ya chuma ya kuoshea sufuria viache vilipo. Na draya iwe imezimwa na kuwekwa mbali kabla hujafungua mafuta taa, tafadhali.

Fremu ya nambari ya usajili ni bisibisi na dakika tano. Stika ya kioo cha nyuma ndiyo yenye mtego. Kwenye kioo cha mbele unaweza kutumia wembe ukiwa umelowesha kioo, lakini cha nyuma kina ile mistari myembamba ya kuondoa ukungu, na wembe ukiikata haifanyi kazi tena. Pasha joto, inua pembe kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, vuta polepole ukiilaza stika ijikunje yenyewe.

Halafu kuna kivuli. Kama nembo ilibandikwa juzi hapa yadini, hutaona kitu. Lakini kama ilitoka nayo Japani, huenda imekaa miaka mingi, kwa sababu sheria yetu huruhusu gari lililotumika kuingia nchini mradi halijazidi miaka 8. Rangi ya pembeni imepigwa na jua muda wote huo, ya chini ya herufi haikupigwa. Jina linabaki linasomeka bila herufi. Gari jekundu husema sana, jeupe huficha. Polishi ya kusugulia hupunguza, na waksi hulinda baada ya hapo, lakini polishi hiyo hufanya kazi kwa kula rangi kidogo, kwa hivyo usiisugue kila wikendi.

Kama bado hujanunua, una njia fupi kuliko zote hizi: kabla hujatuma pesa, waambie wasikubandikie chochote, na waandike hivyo kwenye makubaliano. Kubandika ni bure kwao, na kutobandika pia ni bure.

Ukishanogewa na uzi, usipitilize hadi kwenye jina la mtengenezaji na modeli. Ukiamua kuzitoa pia ili buti liwe safi, zifunge kwenye karatasi uziweke ndani ya dashibodi. Mtu atakayekuja kulinunua gari hilo ataziulizia.